Oili ya Gari

Miaka ile kabla bodaboda hazijajaa Nairobi, nilikwenda kununua oili, na mzee wa duka la spea Parklands akaniuliza kama klachi ya pikipiki yangu ya matopeni inaogelea ndani ya oili ya injini. Nilimcheka. Akaniwekea kwenye kaunta mkebe wa oili ya pikipiki; mimi mjuaji nikang'ang'ania ya gari, tena ya bei ghali.

Kwenye mlima wa Loresho, asubuhi yenye ukungu, oili ile ikatelezesha klachi. Injini ilinguruma, pikipiki haikusogea, kama unavyokimbia ndotoni. Mama aliyebeba sukuma wiki akanipita kwa miguu, akanipa pole, akayeyuka ukunguni.

Nilirudi dukani nikisukuma. Mkebe ulikuwa palepale kaunta. Mzee hakuwa hata ameurudisha kwenye rafu.