Mpapai wa Bi Sijaona

Shoga yangu Bi Sijaona wa Mkongo halindi mpunga kimya kimya. Kutoka juu ya dungu lake la kulindia ndege hunirushia neno, nami kwenye dungu langu huliongeza herufi moja na kumrudishia. Makelele yetu hutosha kuwafukuza ndege.

Jana alianza: "Pa!"

"Paa!" nikajibu.

"Papa!"

"Papai!"

Akanyamaza, anafikiri. Ndege wakatua shambani kwake. Nikashuka mbio, nikawafukuza kwa kugonga debe.

"We shoga, mpunga unaliwa!"

Hata kichwa hakugeuza. Mara akaruka: "Mpapai! Nimekushinda!"

Kisha akanyoosha kidole, anacheka hadi machozi. Kugeuka, ndege wote wamehamia kwangu.

Leo naanza mimi!