Kijiko cha Shangazi

Kwa nini mtu akipooza upande mmoja, wanaompenda huharakisha kumpoozesha upande wa pili? Nimelitafakari swali hili tangu kiharusi kiniangushe Tunduma na kunirudisha Igamba, kwa dada yangu anayeishi na shangazi yetu, na mkono wa kulia usioweza kushika hata kitasa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema maneno machache: mkono huo ufanyishwe kazi kila siku, hata ukimwaga, hata ukiangusha, maana miezi ya kwanza ikipita bure, huenda usirudi kamwe. Familia ilimsikiliza kwa heshima, ikamshukuru, kisha ikanizika kwenye kiti chenye mito. Shangazi akashika kijiko. Kula kwa mkono wa kushoto ni aibu; kwa wa kulia nilimwaga; basi, kwa mantiki yao tukufu, nisile kwa mkono wowote.

Wageni walileta sukari na nyimbo, wakamuuliza shangazi habari zangu nami nikiwatazama.

"Anasikia?"

"Anasikia, ila tusimchoshe."

Msomi mzima wa chuo kikuu nilipanua kinywa kama kinda la ndege. Na niseme kweli: nilianza kuona raha. Hilo ndilo ninalolidharau kuliko wageni wote.

Jioni moja, nikisubiri uji, nilijaribu kukunja ngumi. Kilisogea kidole kimoja. Wiki mbili kabla vilisogea vitatu.

"Shangazi, kesho nitachambua kahawa," nilisema, ulimi ukiburuta.

"Kahawa? Wakwe zetu wapite wakukute kichanjani kama kibarua? Watasema tunakutesa!"

"Waseme."

"Eti waseme!" alimgeukia dada. "Digrii ilimpanda kichwani, sasa na kiharusi kimeifuata huko huko."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, kwa nusu ya uso niliyokuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata dada alinishika kwapani, akanitembeza hadi kwenye kichanja cha kukaushia kahawa, pale pale kando ya barabara, akanikalisha kwenye kigoda kirefu. Nikamwomba aufunge mkono wa kushoto kiunoni kwa kanga, usije ukausaidia wa kulia kwa huruma. Punje mbovu ya kwanza ilinichukua muda wa kuchemsha chai. Shangazi alisimama mlangoni na bakuli lake la uji, kijiko mkononi. Nikaitupa ile punje chini, nikaanza kuifukuzia ya pili.