Mama Ghati alimleta mbwa wake, kumbe na yeye mwenyewe anaumwa

Leo nimeombwa kumpima mtu, na mimi ni daktari wa mifugo.

Tulikuwa kijijini Gorong'a tangu asubuhi. Kuna shirika la hisani la nje limefadhili utafiti wa saratani ya mbwa, na kazi yangu ni kutibu na kuchukua sampuli. Jua kali, mbwa wanang'ata, nimechoka hadi sauti imenikauka.

Akaja Mama Ghati akimvuta mbwa wake mwenye uvimbe tumboni. Vijana wake wote wamekimbilia dhahabu machimboni, kabaki na huyo mbwa tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni bure kweli?"

"Bure kabisa. Wafadhili wamelipa."

Nikamaliza na mbwa, nikafunga boksi la sampuli. Mama haondoki. Alisubiri wanaume waliokuja na mbwa wao wasogee pembeni, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye titi lake, juu ya gauni.

"Na hili je, mwanangu? Hao wafadhili hawalitaki?"

Jamani. Niligusa donge gumu.

Nikamwomba dereva wa mradi tumpeleke hospitali. Akanijibu, "Daktari, hili gari ni la mbwa."

"Basi na mbwa apande."

Wakapanda wote wawili.

Sasa nipo nje ya hospitali, nimemshika mbwa. Mlioko machimboni, mkiwaona vijana wa Mama Ghati waambieni warudi nyumbani.

Nesi ametoka sasa hivi, anauliza ndugu wa mgonjwa ni nani.

Nimenyoosha mkono.