Gari la Mbio na Ng'ombe Wangu Wawili

Miaka ile ya sitini, baada ya uhuru, nilikuwa nalima kando ya barabara karibu na Malaba, na nilikuwa na ng'ombe wawili wa plau. Mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa na gari la mbio kutoka Ulaya, jekundu, viti vya ngozi, la kututimulia sisi vumbi. Lakini likifika kwenye kilima cha shamba langu lilikuwa linachemka kama birika, karibu kila wiki.

Mara ya kwanza alinijia na tai shingoni. "Lete hao ng'ombe. Na mnyororo uuzungushie blanketi, usinikwaruzie bampa." Blanketi lenyewe lilikuwa langu! Akaingia ndani, akapandisha vioo, akashika usukani, na tulipopita sokoni akawapungia watu mkono kama mtu anayeendesha. Mimi niko mbele na fimbo, vumbi hadi kwenye kope.

Siku moja nikamwuliza mbona asinunue pikapu kama wenzake. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Gari hili halina mwenzake duniani. Wewe mtu wa ng'ombe utajua nini?"

Mwishowe injini ikafa kabisa. Nikadhani sasa amepona ugonjwa wa gari lile. Baada ya miezi miwili akasimama kwangu na lingine, jipya, aina ile ile, rangi ile ile. Kabla hata hajazima injini, akaniuliza kama wale ng'ombe bado ninao.