Kitambaa Chekundu cha Fundi Ndege

Mara ya kwanza Mama Spea alipoingia uani kwa Fundi Ndege, macho yake yalitangulia kwenye trekta kabla mdomo haujafika kwenye salamu. Lilisimama chini ya banda la mabati, buluu yake imechujuka, matairi yameisha upepo, na kwenye usukani kimefungwa kitambaa chekundu, fundo limekaza kama ngumi. Mama Spea alianza kwa kuuza nati na bolti juu ya kipande cha gunia kando ya barabara. Sasa alikuwa na yadi na lori, na hakufika hapo kwa kutazama rangi. Alichokiona yeye ni giaboksi. Za aina ile zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haliuzwi."

"Mbona hata sijauliza?"

"Umeuliza kwa macho, mwanangu. Macho yako yana sauti kubwa."

Siku ile aliondoka na pampu mbovu, ambayo mzee alimweleza ubovu wake wote kabla ya kutaja bei. Mama Spea alikuwa hajawahi kukutana na muuzaji wa namna hiyo. Akajiambia, huyu ni wa kurudiwa.

Akawa anarudi kila baada ya mavuno. Alinunua jembe la trekta, akanunua mabomba, akanunua mzani uliopinda. Mke wa mzee alimletea chai, na kwenye chai ndiko habari za mzee zilikotokea, kidogo kidogo. Vita vilimkuta kijana wa shambani vikampeleka jeshi la anga. Watu wakisikia jeshi la anga hudhani aliruka.

"Sikuruka hata kimo cha kuku," alisema mzee. "Kazi yangu ilikuwa chini. Kujaza mafuta, kukaza, kulegeza, kulala chini ya bawa na spana kifuani, mvua inakunyeshea."

Huko walikuwa na sheria moja. Kitu chochote kilichofunguliwa na hakijakazwa kilifungwa kitambaa chekundu. Aliyekifunga ndiye aliyekifungua. Mwingine asikiguse, hata awe jemadari. Ndege ikiwa tayari, fundi alisimama mbele ya rubani, akavinyanyua vitambaa vyake juu vionekane, ndipo rubani akaondoka. Kisha fundi alibaki kando ya njia ya kurukia mpaka ndege yake irudi. Ndege ya mzee, siku moja, haikurudi. Alisimama pale mpaka wenzake wakaja kumshika mkono akale.

"Niliipitia kichwani nati kwa nati," alimwambia Mama Spea. "Sikuwa nimesahau kitu. Hilo tu ndilo nililorudi nalo nyumbani."

Akarudi, akalima, akanunua trekta, na sheria ile akaihamishia hapo. Mwanawe, naye alikuwa huyo mmoja tu, alifundishwa tangu mdogo: kitambaa kipo, usiguse, kitambaa hakipo, washa. Wakulima wa mbali walimletea mashine zao, kwa sababu ikitoka mikononi mwa Fundi Ndege, imepona.

Yaliyobaki Mama Spea aliyasikia kwa jirani, mwenye mashine ya kusaga.

"Lile trekta? Ndilo lililomuua mwanawe. Mzee alifungua breki jioni, asubuhi akaja hapa kwangu kuazima jeki. Kijana akakuta usukani mtupu, akawasha. Mteremko ule wa mtoni unauona? Basi. Mzee alisema mwenyewe makaburini, mbele ya watu wote: nilisahau kufunga. Tangu hapo nani ampelekee mashine? Ndege aziweze, trekta limshinde!" Akacheka, kisha akaona haya, akajitia kupangusa unga mikononi.

Mama Spea alimhurumia mzee. Lakini kabla hajafika kwenye lori lake alikuwa ameshaipigia hesabu huruma yenyewe.

Safari iliyofuata hakuzunguka, akataja bei yake ya chini. "Mzee, tusidanganyane. Trekta limeua, na fundi wake alisahau. Mnunuzi gani mwingine utampata?"

Mke wa mzee alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikashuka mkekani, naye bado anamimina. Hakuna aliyemwambia aache.

"Ni kweli," mzee alisema. "Nilisahau. Lakini haliuzwi. Halijakamilika."

Mama Spea aliondoka mikono mitupu, akimlaumu mzee kwa ukaidi.

Miaka ikaenda, mpaka mzee akaanguka, akawa wa kitandani. Akamwita Mama Spea mwenyewe.

"Trekta lichukue. Kwa bei yako ile ile ya kinyonyaji."

"Mzee, jamani!"

"Nyamaza, nakuuzia. Ila nina sharti. Njoo nikishazikwa. Na kile kitambaa, mke wangu asikifungue. Asikiguse kabisa."

"Sasa akifungue nani?"

"Si nilikifunga mimi?"

Mama Spea aliligeuza sharti lile huku na huku, kama anavyogeuza beringi kutafuta ufa. Hakuona ufa. Lilikuwa sharti lisilogharimu kitu, naye akalikubali upesi, mgonjwa asije akabadili nia.

Mzee alipozikwa, aliwaacha waombolezaji watawanyike, ndipo akaja na lori. Alimkuta mjane bandani, mkono tayari uko kwenye fundo.

"Ngoja nikutolee hiki, Mama Spea, usiende na uchafu wetu."

"Usikiguse, mama. Mzee aliniachia sharti. Alisema wewe usikifungue."

Mkono ukabaki hapo hapo. "Alisema mimi? Alinitaja?"

"Alikutaja."

Mjane akajishusha taratibu, akakaa juu ya tairi.

"Hatukuwahi kulizungumza," alisema. "Hakusahau, mwanangu. Yule asahau? Alikifunga. Mimi ndiye niliyekifungua. Kilikuwa kimeshika grisi mpaka kimekuwa cheusi, nikasema mtoto atakionaje? Ngoja nikifue kiwe chekundu. Nilikuwa nakianika niliposikia trekta linawaka. Nikapiga kelele. Trekta lina kelele kuliko mimi."

Akaonyesha kwa kidole kamba ya kuanikia iliyokuwa uani.

"Alipotoka mtoni alipita kwenye kamba, akakichomoa kinadondosha maji, akakitia mfukoni. Hakuniangalia hata usoni. Makaburini akasema amesahau, na mimi nikanyamaza. Nikamwachia abebe. Kila mwaka nasema, leo nitamwambia nipe mzigo wangu. Naishia kumwambia chai iko tayari."

Mama Spea alikumbuka chai iliyomwagika. Alikumbuka na maneno yake mwenyewe, *fundi wake alisahau*, aliyoyatupa kati ya watu wawili kama mtu anayetupa maganda. Bei za vitu alizijua. Mtu yule alirudi kutoka vitani na kitu kimoja tu, akakitoa chote kwa mara moja, wala hakuomba kupunguziwa.

Akaenda kwenye lori, akarudi na spana. Nati ya katikati ya usukani ilikuwa na kutu, ikampa kazi. Trekta lisilo na usukani hushuka bei, na alilijua hilo huku nati ikizunguka. Akautoa usukani mzima na fundo lake, akampa mjane.

"Mimi nilitaka giaboksi," alisema kwa ukali, asije akadhaniwa mkarimu.

Mjane aliupokea kwa mikono miwili. Kitambaa kilikuwa kimekauka kwa vumbi na grisi ya miaka yote ile, wekundu wake hauonekani tena ila ndani ya mikunjo ya fundo. Akapitisha kidole gumba juu yake, kikatoka cheusi.

"Hiki," alisema, "sitakifua."