Msimu Usiokuwa na Duara

Harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali inayopenya puani mpaka machozi yatoke, ikichanganyika na vitunguu vinavyokaangwa kando ya uwanja: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu, na hadi leo nikiinusa natamani kumpiga mtu kofi. Wenzangu waliokulia hapa Sydney husimulia bahari na aiskrimu. Mimi nasimulia uwanja wenye nyasi zilizokauka karibu na Doonside, wanaume wenye mabega ya bandia, na mama yangu jukwaani, macho ameyafumba, akiomba.

Nianze na maombi hayo, maana yanachekesha, na mbele huko hakuna la kuchekesha sana. Kaka yangu Wekesa, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mwili wa kabati, alikuwa amesajiliwa na timu ya futiboli ya Kimarekani, mojawapo ya klabu chache zilizojaribu kuwalipa wachezaji hapa mjini kabla ya kufilisika. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mrushaji mpira na kugongwa kwa niaba yake. Katika mchezo ule, kila baada ya muda mfupi mambo husimama, wachezaji wakakusanyika duara, mikono mabegani, vichwa vimeinama, wakapangiana hatua inayofuata. Mama hakujua habari ya hatua. Aliona vijana wameinamisha vichwa, akaamini ni wacha Mungu, naye akainamisha chake. Rafiki yake wa kanisani, Mama Furaha kutoka Bukavu, akainama pia. Haukupita muda, nusu ya kwaya ikawa jukwaani, inainama na kuinuka pamoja na timu. Nilijaribu kuwaeleza, nikiwa na miaka kumi na ujuaji wa mtu wa arobaini, nikaambiwa nile soseji yangu ninyamaze.

"Mama Wekesa, hii timu inasali kupita sisi," Mama Furaha alisema siku moja. "Lakini Mungu anawanyima tu, sijui juu ya nini."

Ni kweli, walikuwa wakifungwa karibu kila wiki. Ndiyo maana msimu uliofuata klabu ikaleta kocha mpya, Mmarekani mwenye meno mengi na sauti ya kuuza magari. Jambo la kwanza alilofanya ni kulifuta duara. Duara ni uvivu, alisema. Kuanzia sasa maagizo yangepigiwa kelele kutoka pembeni, watu wajipange na kugongana tena kabla wapinzani hawajavuta pumzi. Na kwa hakika wapinzani hawakuvuta pumzi. Timu iliyokuwa kichekesho ikashinda, ikashinda tena. Gazeti la mtaa likaandika kwamba mapinduzi yamefika magharibi ya Sydney. Baba, mtu mzima mwenye shahada, alikata ile habari akaibandika kwenye friji.

"Amekataza sala," mama akalalamika.

"Mama Wekesa, tunashinda!" baba akamjibu.

"Mnashinda bila kusali. Hamwogopi?"

Tulimcheka. Kwaya nayo ilisusa wiki mbili kwa ajili ya imani, kisha ikarudi kwa ajili ya ushindi, na Jumapili ikatoa shukrani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba lile duara lilikuwa na kazi ambayo haikuandikwa popote. Ndani yake kila mchezaji alitazamwa usoni na wenzake. Mtu aliyegongwa vibaya hawezi kuyaficha macho yake akiwa amekumbatiwa na wenzake kumi. Kocha alipolifuta, hakubaki mtu wa kumtazama Wekesa isipokuwa mama, naye alikuwa nyuma ya uzio.

Inafaa mjue pia jinsi tulivyozungumza nyumbani. Baba ni Mluhya, mama ni Mtaita, walikutana Nakuru, na lugha ya nyumba ikawa Kiswahili. Tulihamia Australia Wekesa akiwa na miaka kumi, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na kabla ya mwaka kuisha kaka yangu alikuwa amekivua Kiswahili kama sare iliyombana. Alikielewa chote. Hakujibu hata neno. Kila mechi, Wekesa alipotoka kupumzika kwenye benchi, mama aliuendea uzio akamwita, "Wekesa, uko sawa?" Naye, bila kugeuka, masikio yakimwaka kwa aibu mbele ya wenzake, alijibu, "I'm fine, Mum." Ilikuwa ni desturi yao. Mama alinung'unika kuhusu watoto wa siku hizi, kisha akarudi kuketi.

Siku ya mechi ya nusu fainali aligongwa, akainuka, akagongwa tena kabla hajasimama wima, na mpira ukaendelea kwa ile kasi iliyosifiwa gazetini. Alipotoka, mama akauendea uzio.

"Wekesa, uko sawa?"

Kaka yangu akageuka. Akavua helmeti, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Naam, mama," akasema. "Sare yangu umeianika wapi? Nitachelewa shule."

Kilikuwa Kiswahili safi cha mtoto wa Nakuru. Mama alipiga yowe ambalo sijalisikia tena. "Mtoeni! Huyo mtoto ameumia, mtoeni!" Kocha akaja, akanitazama mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa na Kiingereza karibu. Anasema nini huyu mama? Nikamtafsiria yote, neno kwa neno: sare, kuanikwa, shule. Akacheka. Mvulana anayejua lugha mbili, akasema, ana akili kuliko mimi. Akampiga Wekesa begani na kumrudisha uwanjani.

Mama aliupanda uzio na sketi yake ya kanisani. Walinzi wawili wakamshusha kwa adabu. Kwa adabu! Wangemsukuma, leo ningekuwa na kitu cha kushika. Baba naye akamvuta mkono, "Mwache, utamwaibisha mtoto." Timu ikashinda. Wekesa akaanguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wakiwa bado wanaimba.

Kocha alirudi kwao mwisho wa msimu akiwa na sifa za mtu aliyeibadilisha klabu. Klabu ikafa. Uwanja sasa ni nyumba za ghorofa. Hasira yangu haina mlango wa kubisha.

Wekesa anaishi na mama Quakers Hill. Kiingereza kinamchosha, anaanza sentensi, inamponyoka katikati, anaiacha. Kilichobaki kizima ni Kiswahili. Wageni wakija humsifu: tazameni, huyu ndiye aliyeshika lugha, si kama vijana wetu! Mama hutabasamu na kuwaongezea chai. Mimi huenda jikoni nikafungue bomba la maji mpaka nitulie. Na kichekesho, kama mnakihitaji, ni kwamba nimesoma chuo kikuu kuliko ilivyohitajika, na hualikwa kwenye kumbi kuwahimiza wazazi wa Kiafrika wadai watoto wao wawajibu kwa lugha ya nyumbani. Napigiwa makofi.

Mwanangu Baraka anacheza raga. Nilikataa, nikashindwa kura ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mwaka huu wamepata kocha mpya, na wazazi wenzangu wanasifu kasi yake. Siku hizi kuna mtu wa huduma ya kwanza anayemuuliza mtoto aliyegongwa uwanja gani huu, nani amefunga. Ni maendeleo, nakubali. Maswali yote huulizwa kwa Kiingereza.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Macquarie Fields na Wekesa pembeni yangu, blanketi magotini. Baraka akaangushwa, akachelewa kuinuka. Nikasimama.

"Baraka! Uko sawa?"

Uwanja mzima ulisikia. Hakugeuka. Nikaita tena, mkono wangu tayari uko juu ya uzio.

"Mum! I'm fine! Stop yelling!"

Wenzake wakamcheka. Nikaketi. Wekesa akanivuta mkono wa koti.

"Anasemaje?" akauliza.

Nikamtafsiria.