Neno Lililokatwa Mbele ya Jina

Kikundi chetu cha kuzikana pale Nakwa kiliniona mtaalamu kwa sababu naandika programu za kompyuta, na mimi nikajiona hivyo hivyo. Nikawatengenezea programu ya kutangaza misiba. Niliiandika kwa lugha ya jamii ya Lisp, ile ambayo kila kitu kinakaa ndani ya mabano, na mabano hayo ndani ya mengine, mpaka mume wangu akaniuliza kama nalipwa kwa mabano.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Katibu anatuma mstari mmoja: jina la marehemu, koma, mtaa, koma, saa ya mazishi. Programu inakata penye koma, inapachika kila kipande mahali pake katika tangazo, halafu simu yangu inawatumia wanachama wote.

Mwenyekiti ndiye aliyeleta mambo. Alitaka vyeo viondolewe. "Mzee, Mwalimu, Mheshimiwa, vya nini? Kaburini hatuingii na vyeo." Basi nikaanza kuorodhesha maneno ya kukatwa mbele ya jina. Kihariri cha kompyuta ninachoandikia programu kina kiherehere cha kunimalizia maneno: nikigusa herufi mbili tatu, chenyewe kimeshaleta Mzee, na baada ya Mzee kinapendekeza Bwana, Bibi, Baba, Mama. Mimi nabonyeza kukubali. Mpaka leo inaniudhi jinsi kilivyopendekeza kwa kujiamini, utadhani kimezaliwa Nakwa. Nikaijaribu programu kwa majina ya wazee wa kiume, ikafanya vizuri.

Kisha akafariki jirani yangu. Sisi sote tulimwita Mama, halafu jina la mwanawe wa kwanza, kijana anayeendesha lori na kuishi Singida. Jina lake mwenyewe nadhani walilijua padri na ndugu zake tu. Wazee wa ukoo walikaa wakakubaliana, kama ilivyo desturi, kwamba kijana asiambiwe kwenye simu. Aambiwe mama anaumwa, apande basi, habari aipokee akiwa nyumbani, amekaa, ameshikwa mkono. Na mimi nikaagizwa: akipiga, mwambie aje tu. Hakuwa mwanachama, kwa hiyo tangazo lisingemfikia.

Katibu akatuma mstari wake. Programu ikakata Mama, ikabakiza jina la kijana. Kikundi kizima kikatangaziwa kwamba yeye ndiye marehemu.

Nilikuwa uani kwa wafiwa, napanga viti, simu ikaita. Alikuwa yeye. Rafiki yake wa Bagara, mwanachama wetu, alikuwa ameona tangazo akapiga namba yake kwa hofu, akapokea mwenyewe. Sasa alikuwa anacheka.

"Shikamoo dada. Mbona umeniua asubuhi yote hii? Mimi nipo Singida nakunywa supu."

Nikaitikia marahaba. Niliichukia ile programu, nikamchukia mwenyekiti na vyeo vyake, nikajichukia na mimi.

"Wala sijakasirika, makosa yapo," akasema. "Ila nampigia Mama hapokei. Naomba umkimbilie, umwambie mimi mzima, tumeongea. Akisikia kwa watu presha itampanda."

Wanawake walikuwa wameanza kuimba upande wa jikoni. Nikafunika simu kwa kiganja nikamtazama baba yake mdogo, aliyekuwa amesimama karibu yangu na ameshasikia yote. Akatikisa kichwa: usiseme. Hasira ikaniisha, nikabaki na woga mtupu.

"Njoo nyumbani tu, mdogo wangu," nikasema.

Huku kwetu hakuna mtu mzima asiyejua maneno hayo yanasemwa lini. Kicheko kikakatika. Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye bakuli, halafu akauliza taratibu, "Dada, tangazo lilikuwa la nani?"